Gia ya Saba

Jana saa kumi na moja jioni nimepandishwa mlima wa bandarini Wete, Pemba, na ng'ombe. Sisemi kwa mafumbo. Ng'ombe hasa, wa kahawia, mwenye nundu, amefungwa gari la magurudumu mawili lililojaa nazi, na juu ya nazi nimekaa mimi, baskeli ya gia saba nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Nyuma yangu bahari imetulia, kisiwa cha Fundo kinang'ara kwa jua la jioni, mandhari ya kupigiwa picha. Mimi nimeinamisha kichwa nahesabu nazi.

Juu ya mlima pana baraza la kahawa. Wazee walikuwa wanacheza bao. Wakaacha. Mimi nimekua nikiliona bao: mvua ikinyesha, watu huubeba ubao na kete zake wakaingia nao ndani, mchezo ukaendelea. Jana mchezo ulisimama ili nitazamwe mimi.

"Maalim," akaniita mmoja wao kwa sauti ile ya kumjulia hali mgonjwa, "baskeli ina nini?"

"Gia, mzee wangu."

"Zimekwisha?"

Hakuna aliyecheka. Walisubiri mpaka gari limepinda kona, ndipo nikawasikia.

Leo skuli nimepewa pole ya kuanguka. Sikuanguka. Laiti ningeanguka! Aliyeanguka huokotwa, hupewa maji, na akija kuhadithia huongeza urefu wa mlima na ukubwa wa jiwe. Mimi mnyororo uliingia kati ya friwili na spoki, ukakwama humo, gurudumu la nyuma likagoma kwenda mbele wala nyuma. Baskeli ya hali hiyo haipandiki na haikokoteki, ni ya kubebwa. Nikaibeba hatua kama ishirini. Gari la ng'ombe likanipita, likasimama, na mwenyewe akanitamkia maneno ambayo hadi naandika hapa bado yananichoma: "Pakia, Maalim, usijiaibishe."

Balaa lote hili limeanzia kwenye ukanda wa kupimia wa mama watoto, ule wa cherehani.

Nilikuwa nimesikia kwamba mnyororo wa baskeli hupimwa kama mtu anavyopimwa kiuno. Ni kweli, na ni jambo zuri mno. Kiungo kimoja cha mnyororo, kutoka pini mpaka pini, ni nusu inchi, na imekuwa hivyo tangu zama za babu zetu. Baskeli ya Phoenix ya muuza samaki na ile ya mashindano ya Ulaya inayolingana bei na gari zina mnyororo wa nusu inchi zote mbili. Mnyororo wa namna hii, wenye pini na vigurudumu ndani yake, ulitolewa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana Manchester, na hadi leo hakuna aliyepata cha kuuzidi. Kwa hiyo viungo 24 lazima viwe inchi 12 kamili. Ukipima ukakuta inchi 12 na sehemu moja ya nane, mnyororo wako umekwisha.

Sisi husema umevutika. Haukuvutika. Chuma hakivutwi na miguu ya mtu anayekula muhogo na dagaa. Kinacholika ni pini na kitundu chake, kidogo sana, upana wa unywele, lakini unywele huo unazidishwa kwa viungo mia na kitu, na mwisho wake mnyororo mzima unapwaya kama kanzu ya kuazima. Nilipima wangu mara tatu. Inchi 12 na robo kasoro uzi. Doa la grisi bado lipo kwenye inchi ya 12 ya ukanda ule, na kila anapokata nguo ya mtu mama watoto huligusa kwanza, kisha hunitazama.

Basi nikanunua mnyororo mpya hapa hapa, nikaufunga mwenyewe. Na hapo ndipo nilipojua kwamba mnyororo na meno huzeeka pamoja kama wazee wawili walioishi nyumba moja miaka arubaini. Mnyororo unavyorefuka, meno nayo yanalika yakaufuata, yakapinda kama mapezi ya papa, na wenyewe kwa wenyewe wanasikilizana. Ukileta mnyororo mpya juu ya meno ya zamani, hauelewi lugha ya nyumba ile. Ukikanyaga kwa nguvu unaruka jino. Nililigundua hilo kwa goti la kulia, lililokutana na usukani mbele ya duka la mikate.

Kumbe ilinibidi nibadilishe na friwili.

Hapa mtu mwenye busara angekwenda kwa fundi. Tunaye fundi chini ya mwembe, kule Limbani, ametengeneza baskeli za baba zetu. Lakini mimi nilikuwa nimeshawaambia walimu wenzangu kwamba kazi hii ni ya saa moja, na kwamba tatizo la mafundi wetu ni kutumia nyundo kwa kila kitu. Neno hili la nyundo mliweke akilini.

Nikampigia simu mpwa wangu aliyeko Unguja, nikamwambia nataka friwili ya gia saba. Akaenda dukani. Duka silitaji, maana mwenyewe ana jamaa zake Wete na mmoja wao ni mzee wa bao. Mwenye duka akasema ipo. Ikapanda boti, ikashuka Mkoani, ikaunganishiwa daladala mpaka Chake, ikalala Chake siku mbili kwa mtu ambaye simu yake ilikuwa imezimwa, ikafika. Boksi halina picha wala jina. Limeandikwa 7 kwa kalamu ya wino. Kwa kalamu! Nami nikafurahi, nikasema angalau wamejali.

Kuitoa friwili ya zamani kulitaka siku nzima, na sababu yake imenifurahisha hata nilipokuwa nalia. Friwili imefungwa kwenye habu kwa hesi, kama kifuniko cha chupa, na haikazwi na fundi. Inakazwa na mguu wako. Kila unapokanyaga pedeli, unaizungusha upande ule ule wa kukaza. Mtu wa Unguja, kwenye tambarare yao, anaikaza kwa adabu. Sisi kisiwa chetu vilima vyake si virefu, lakini havikomi, ukishuka kimoja umeshafika chini ya kingine. Kila kilima nilichopanda kwa miaka sita, Wete mpaka Konde, Wete mpaka Chake, kila siku ya mbisho, kila gunia la mchele nyuma ya kiti, vyote vimehifadhiwa mle ndani ya hesi. Nilikuwa nashindana na miguu yangu mwenyewe ya miaka sita, na ilikuwa miguu ya kijana zaidi.

Ipo nati maalumu yenye meno ya kuingilia ndani ya friwili, ukiikamata kwa spana kubwa kazi imekwisha. Sina. Nikachukua tindo. Na nyundo. Shemeji akalishika gurudumu, mimi nikapiga. Nusu saa ya mwanzo tulikuwa tunakaza. Shemeji ndiye aliyeuliza, taratibu, kama mtu asiyetaka kuvunja udugu, "Hivi upande wa kufungua ni huu?" Tukageuza. Ilipoachia ilitoa mlio kama bunduki, na jirani akafungua dirisha kuuliza kama kuna mwezi umeandama.

Usiku baada ya Isha, friwili mpya imeshafungwa, nikaipindua baskeli uani, kiti chini magurudumu juu, binti yangu akashika tochi, nikaanza kurekebisha gia. Msomaji asiyependa baskeli anaweza kuziruka aya mbili zinazofuata, ila atajuta.

Ule mkono unaoning'inia nyuma, wenye vigurudumu viwili vidogo, una mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni springi, inayouvuta siku zote kwenda nje, kwenye sahani ndogo ya meno, ile ya mteremko. Bwana wa pili ni waya, unaouvuta kwenda ndani, kwenye spoki, kwenye sahani kubwa ya mlima. Ukizungusha kishikio pale kwenye usukani, kikalia "tiki", umeuvuta waya kiasi maalumu, mkono umesogea kiasi maalumu, na mnyororo umehama sahani moja. Hakuna akili mle ndani. Kishikio hakijui sahani ziko wapi. Kinajua hatua zake tu, kama mkwezi anayeshuka mnazi gizani: mguu haukioni kidato kinachofuata, unakitarajia kwa umbali ule ule wa kilichotangulia.

Halafu kuna skurubu mbili ndogo, moja imeandikwa H na nyingine L, na huu ndio ufunguo wa mambo yote. Hizi hazivuti wala hazisukumi. Ni kuta mbili za chumba. H inauzuia mkono usitoke nje ukaangusha mnyororo upande wa fremu, L inauzuia usiingie ndani ukautumbukiza kwenye spoki. Ukishaziweka hazina kazi nyingine mpaka siku utakapokosea, na siku hiyo ndizo zinazokuokoa. Mimi sikuyajua haya. Mimi nilidhani ni za kutafutia gia, kama kitufe cha redio cha kutafutia stesheni. Gia ya mlima ilikuwa haikai, inakwaruza, kra-kra-kra, nikasema hii L imebana, nikaifungua. Ikakwaruza bado. Nikaifungua tena. Nikaifungua mpaka ukuta wa chumba haupo.

Usiku wa kwanza nilizipata gia za juu, za kati zikawa hivi hivi. Usiku wa pili nilizipata za kati, za juu zikapotea. Kile kiskurubu cha kuzungusha kwa vidole pale waya unapoingia kwenye mkono, nilikipeleka robo mbele, robo nyuma, nusu mbele, kama mtu anayefungua kasha la hazina. Binti alisinzia na tochi mkononi. Kila nikirekebisha upande mmoja, upande wa pili unaharibika kwa kiasi kile kile. Hili lilitakiwa linifungue macho, maana kosa lenye mpangilio lina sababu yenye mpangilio. Mimi mwenyewe huwaambia watoto hivyo kila Jumatatu. Lakini baskeli iliyopinduliwa, isiyo na mtu juu yake, ina tabia ya kukubali. Ukiizungusha pedeli kwa mkono, mnyororo unahama, unalalamika kidogo, unakaa. Nikasema imekubali.

Jana nikashuka nayo bandarini. Kushuka ilikuwa raha isiyo kifani.

Kurudi, nikaweka kishikio kwenye 3. Sawa. Mlima ukaanza kusimama, nikaweka 2. Mnyororo ukafika nusu ya njia, ukabaki umetanda katikati ya sahani mbili, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, huku mimi nakanyaga kwa uzito wangu wote. Watu walisikia. Mtoto mmoja aliziba masikio. Nikaona nina gia moja iliyobaki, nikaenda 1. Mkono ukaruka ndani kwa furaha, ukaipita sahani kubwa, haukukuta ukuta wowote, na mnyororo ukaangukia kwenye spoki.

Juu ya nazi nilijiliwaza kwa Chris Froome. Yule amezaliwa Nairobi, na tarehe 14 Julai 2016, amevaa jezi ya njano ya Tour de France, aliangushwa kwenye mlima wa Ventoux pale pikipiki iliposimama ghafla katika msongamano wa watu. Baskeli ikaharibika, akaanza kuukwea mlima mbio kwa miguu yake, na viatu vya baskeli, dunia nzima inatazama. Jioni majaji walikaa, wakamrekebishia muda wake, akabaki na jezi, na mwisho akashinda mashindano. Wete hatuna majaji. Tuna wazee wa bao, na hukumu yao hairekebishwi.

Gari likanishusha Limbani, chini ya mwembe, bila mimi kusema. Mwenye gari alijua pa kunipeleka.

Fundi alinipokea vizuri, nadhani vizuri mno. Aliinyanyua baskeli akaitundika kwenye tawi, akautoa mnyororo spokini kwa vidole viwili, akachukua kitambaa akaifuta friwili taratibu, kama anayemfuta mtoto pua. Akaona alama za tindo. Hakusema neno. Mwanawe wa darasa la pili alikuwa pembeni anachezea nati. Akasogea, akaweka kidole kwenye sahani ndogo, akapanda nacho kwa sauti: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Akasimama. Akatazama kishikio. "Baba, mbona hapa pameandikwa saba?"

Mtoto yule hesabu anasomeshwa na mimi.

Nimekesha usiku kucha na rula. Sahani za friwili ya sita zimeachana kwa karibu milimita tano na nusu. Sahani za friwili ya saba, ili zienee mahali, zimekaribianishwa zikaachana milimita tano. Kishikio changu cha saba kila tiki kinausogeza mkono milimita tano, hakijui kingine. Nusu milimita! Haifiki hata unene wa kadi ya simu. Ukihama sahani moja hulioni kosa. Ukihama mbili, limekuwa milimita moja, unasikia mkwaruzo. Ukifika sahani ya mlima umeshahama mara tano, na kosa ni milimita mbili na nusu, yaani karibu nusu ya njia kutoka sahani hadi sahani. Ndiyo maana kwenye 2 mnyororo ulibaki katikati. Na 1 ilikuwa tiki ya kuendea sahani ya saba, ambayo haikuwepo. Mkono ulikwenda pale ulipoambiwa. Ni mkwezi wangu yule yule: ameshuka mnazi ambao vidato vyake viko mbali zaidi ya alivyozoea, cha kwanza amekipata, cha pili amekipata kwa vidole, cha tano hana.

Nawaambia, baada ya hesabu ile kutoka nilicheka peke yangu uani, na kwa dakika kama kumi aibu yote iliniondoka. Ilikuwa sahihi mno.

Asubuhi nikapiga simu Unguja. Mwenye duka hakukataa kwamba ni sita. Alisema, "Lakini Maalim, zote sawa tu." Nikamweleza nusu milimita. Akasema zote sawa tu. Nikamwambia nitairudisha, akanikumbusha kwamba ukutani kwake pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na hilo ni kweli, limeandikwa kubwa, kwa rangi, sio kwa kalamu.

Sasa hapa mniwie radhi, kicheko kimenikauka. Hilo "zote sawa tu" nimelisikia maisha yangu yote. Pampu ya kisima, betri ya taa ya jua, miwani ya kusomea ya marehemu mama yangu. Kitu kikifika Pemba kimeshapita bandari tatu, na kila bandari kimechaguliwa. Waliotangulia wamechukua kile kinachoingia, sisi tunaletewa kile kinachokaribia kuingia, pamoja na maneno ya kutubembeleza kwamba tofauti ni ndogo. Ndogo, ndiyo. Niipeleke mwenyewe Unguja kuibadilisha? Nauli ya boti kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi, kwa ajili ya chuma ambacho thamani yake haifiki nauli ya kwendea. Anayeuza anajua kwamba siendi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Na viwanda huko vinakotoka navyo havina haya: kila baada ya miaka wanaongeza sahani moja, wanasogeza vipimo kidogo, na cha juzi hakiingiliani tena na cha leo. Mtu wa mjini kwao hununua seti nzima. Mwenye baskeli ya mtumba iliyoteremshwa kwenye kontena anabaki na kishikio cha mwaka mmoja, friwili ya mwaka mwingine, na mnyororo wa Mungu anajua.

Wapo watakaosema, na wawili wameshasema, kwamba ningebaki na Phoenix yenye gia moja kama watu wote. Hao nawajibu kwa Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903. Yeye aliona gia za kubadilisha ni za watu waliopindukia miaka 45, na mikono ya gia kama huu wangu haikuruhusiwa katika mashindano yake mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo, mtu akifika chini ya mlima hushuka, hufungua gurudumu la nyuma, huligeuza upande wenye meno mengi zaidi, hulifunga, hupanda. Mimi nina miaka 47. Kwa fatwa ya Desgrange mwenyewe nimeruhusiwa.

Yaliyobaki ya wiki hii hayana uzito. Pedeli ya kushoto hesi yake ni ya kinyume, nimejua kwa vidole vitatu. Uzi mmoja wa waya wa gia umo kwenye kidole gumba na umekataa kutoka. Jumapili nilijaribu breki kwenye mteremko nikaingia katikati ya jamvi la karafuu la bibi mmoja, nikafagia mpaka Magharibi. Kanzu ya Ijumaa imekuwa ya bustani.

Dawa, anasema fundi, ni moja kati ya mbili. Ama nipate friwili ya saba kwelikweli, ama niachane na tiki. Zamani, kabla kampuni ya Shimano ya Sakai, Ujapani, iliyoanza mwaka 1921 kwa kutengeneza friwili, haijaeneza vishikio vya tiki katikati ya miaka ya 1980, kishikio kilikuwa kijiti tu. Unakisukuma, unasikiliza, mkwaruzo ukinyamaza umefika. Hakina namba, kwa hiyo hakiwezi kukosea hesabu; ukikifunga na friwili ya sita, saba, hata tano, ni mamoja. Ni kama udi na gitaa. Gitaa shingo yake imekatwakatwa vipande, ukiweka kidole hapa sauti ni hii, kama waliokata walikosea nawe umekosea pamoja nao. Udi shingo yake ni laini, hauna kipande hata kimoja, mpigaji anaitafuta sauti kwa sikio. Kisiwa hiki masikio kinayo. Vijiti ndivyo vilivyotuishia. Fundi alikuwa nacho kimoja, alikiuza kwa chuma chakavu mwaka juzi, kwa kilo.

Kwa sasa amezikaza H na L zote mbili mpaka mkono hausogei, mnyororo ukabaki kwenye sahani ya tatu. Nina Phoenix, ila ghali zaidi.

Mwenye kijiti cha gia cha zamani, kisicho na tiki, awe Mkoani, Chake, Konde au popote kisiwani, akiache kwa fundi wa chini ya mwembe, Limbani. Nitampa pesa, na juu yake nitampa kishikio changu cha namba saba, kizima, hakina kasoro. Kimeandikwa kwa mashine, sio kwa kalamu. Kabla ya kukubali, na ahesabu.